Nyumba Njema si Mlango: Uso wa Jengo, Joto na Kelele za Mjini

Tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 58, mkazi wa ghorofa ya tatu kando ya barabara kuu jijini Dar es Salaam. Ana shinikizo la juu la damu. Dawa anameza kila siku, chumvi amepunguza, na siku ya kliniki haimpiti. Hata hivyo vipimo vyake havishuki kama inavyotarajiwa. Muuguzi anamwuliza, "Mama, usingizi unaupata?" Naye anajibu, "Usingizi upi, mwanangu? Chumba ni tanuri. Nikifungua dirisha, malori na bodaboda wananipigia honi masikioni. Nikilifunga, nakosa pumzi."

Jibu la namna hii husikika mara nyingi katika vyumba vya kliniki, na aghalabu huchukuliwa kuwa ni malalamiko ya kawaida ya maisha ya mjini. Haliandikwi kwenye faili. Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba jibu hilo ni taarifa ya kiafya, na kwamba sehemu ya tatizo la mama huyu imo katika ukuta, dirisha na upande ambao chumba chake kinatazama. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi tuuangalie uso wa jengo si kwa uzuri wake, bali kwa yale unayomfanyia mtu aliyelala nyuma yake na yule apitaye mbele yake.

Uso wa jengo ni nini

Uso wa jengo ni ile sehemu ya nje inayotenganisha ndani na mtaa: ukuta pamoja na rangi au vigae vyake, madirisha, roshani, matundu ya hewa na vivuli vilivyojengwa juu ya madirisha. Mfano wake ni ngozi ya mwili. Ngozi huruhusu baadhi ya vitu vipite na kuzuia vingine, husaidia mwili kutunza au kupoteza joto, na huupokea ulimwengu wa nje kabla ya viungo vya ndani. Uso wa jengo nao hupokea jua, upepo, mvua, vumbi na sauti, kisha huamua kiasi gani kiingie, kiasi gani kirudishwe mtaani, na kiasi gani kihifadhiwe kwa ajili ya baadaye.

Neno "kirudishwe mtaani" lina uzito. Mwenye jengo hujenga ndani ya kiwanja chake, lakini joto na sauti vinavyorudishwa na ukuta wake huwaangukia jirani, muuza matunda wa kando ya barabara na mgonjwa anayesubiri usafiri.

Jinsi ukuta unavyokusanya joto

Mwaka 1818 Mwingereza Luke Howard alianza kuchapisha vipimo vyake vya hali ya hewa ya London, na akaonesha kuwa mji ulikuwa na joto kuliko mashamba yaliyouzunguka, hasa nyakati za usiku. Hali hiyo leo huitwa kisiwa cha joto cha mjini. Sababu zake zinafahamika. Mji una miti michache na ardhi yenye unyevu ni haba, hivyo maji ya kupoza hewa kwa kugeuka mvuke ni kidogo. Magari, majiko na viyoyozi hutoa joto. Zege, matofali na lami hunyonya jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Tena majengo marefu yaliyosongamana hulizuia joto hilo lisipae kwenda angani, kwa kuwa kila ukuta hutazamana na ukuta mwenzake badala ya kuitazama anga.

Rangi ina nafasi yake. Ukuta uliopakwa chokaa au rangi nyeupe safi hurudisha zaidi ya nusu ya nguvu ya jua, ilhali lami mpya hunyonya zaidi ya asilimia 90. Ukuta wa rangi nzito uliopigwa na jua mchana huweza kuwa wa moto hata mkono usivumilie kuugusa. Mtu akipita karibu nao huhisi joto linalomjia kutoka ubavuni ingawa kipimajoto cha hewa hakioneshi badiliko kubwa, maana mwili hupokea mionzi ya joto kutoka kila kitu cha moto kilicho karibu nao.

Unene wa ukuta nao huamua saa ya joto kufika ndani. Joto huchukua saa kadhaa kupenya ukuta wa matofali ya saruji wa kawaida. Ukuta unaotazama magharibi hupigwa na jua kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni. Joto lile hujitokeza upande wa ndani mnamo saa 2 hadi saa 4 usiku, wakati hasa watu wanapoingia kulala. Ndiyo maana wapangaji wengi hushangaa kwamba nje kumeshapoa ilhali chumbani kunazidi kuwaka.

Jua letu na upande wa dirisha

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua la adhuhuri huwa juu sana mwaka mzima: mwezi wa Juni huelekea kaskazini, na mwezi wa Desemba huelekea kusini, lakini daima hubaki karibu na utosi. Jua lililo juu kiasi hicho huzuilika kwa urahisi. Kibao cha zege kinachotokeza juu ya dirisha linalotazama kaskazini au kusini hutosha kuliweka dirisha kivulini saa nyingi za siku.

Upande wa mashariki na wa magharibi mambo ni mengine. Asubuhi na jioni jua huwa chini, hupita chini ya kibao hicho na kuingia moja kwa moja hadi kitandani. Huko kinahitajika kizuizi cha wima, mti, au ukuta wa pili wa matofali yenye matundu. Majengo mengi yaliyojengwa mijini mwetu katika miaka ya 1950 na 1960 yalizingatia jambo hili. Mtu akiyatazama ataona vibao vya saruji, roshani ndefu na matofali yenye matundu vilivyopangwa mbele ya madirisha. Wengi hudhani ni mapambo tu, kumbe ni kinga ya jua.

Haki ya kusema kweli inatulazimu kuongeza jambo moja. Kwa nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, paa hupokea jua kuliko ukuta wowote. Mwenye nyumba ya mabati isiyo na dari atapata nafuu kubwa zaidi kwa kuweka dari, kuacha njia ya hewa kati ya bati na dari, au kulipaka bati rangi nyeupe, kuliko kwa kubadilisha ukuta wa mbele. Kadhalika, mkazi wa ghorofa ya juu kabisa huishi chini ya zege lililochomwa siku nzima. Wakati wa wimbi la joto la Chicago mwezi Julai 1995, ambapo zaidi ya watu 700 walipoteza maisha, wakazi wa ghorofa za juu kabisa na watu walioishi peke yao walikuwa miongoni mwa waliokuwa katika hatari kubwa.

Kioo: mgeni asiyeijua nchi

Katika miaka ya karibuni majengo yenye uso wa kioo kitupu yameongezeka mijini mwetu. Kioo kina tabia ya pekee. Hupitisha mwanga wa jua kwa urahisi, lakini mwanga huo ukishapiga sakafu na samani na kugeuka kuwa mionzi ya joto, kioo hukataa kuitoa. Hivyo chumba huwa mtego. Pazia la ndani huondoa mng'ao, lakini halizuii joto kwa kiasi kikubwa, kwa sababu joto limekwisha kuvuka kioo kabla ya kulifikia pazia. Kivuli kinachofaa ni kile kinachowekwa nje ya kioo.

Mwenye jengo la kioo hulazimika kutumia viyoyozi. Kiyoyozi hakiangamizi joto. Hulichota ndani na kulimwaga nje, pamoja na joto la umeme kinaoutumia, na mashine zake za nje huongeza mvumo usiokoma. Kwa hiyo nafuu ya aliye ndani huwa mzigo wa aliye nje. Aidha kioo kinachorudisha jua hulielekeza kwa wengine. Mwaka 2013 jengo refu la 20 Fenchurch Street jijini London, lililo na uso wa kioo uliobonyea, lilikusanya miale ya jua mahali pamoja barabarani hata sehemu za gari lililoegeshwa zikayeyuka. Baadaye wenye jengo walilazimika kuweka vizuia jua kwenye uso huo. Ikiwa jambo hilo liliwezekana chini ya jua la Uingereza, sembuse letu.

Jinsi ukuta unavyorudisha kelele

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakijumlishwi kama shilingi. Ongezeko la desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu ya sauti mara mbili, na ongezeko la desibeli 10 masikio huliona kama sauti iliyokuwa kubwa maradufu.

Sauti ya gari ikiupiga ukuta mgumu na laini, kama wa kioo, vigae au zege, karibu yote hurudi. Kama vile kioo cha kujitazamia kinavyomleta mtu wa pili, ndivyo ukuta mgumu unavyoleta "barabara ya pili" mbele ya aliyesimama karibu nao. Kuta za namna hiyo zikitazamana pande mbili za barabara nyembamba, sauti hupigwa danadana kutoka upande huu hadi ule na kupanda hadi ghorofa za juu. Kwa hiyo aliyehamia ghorofa ya tano kukimbia kelele hushangaa kuikuta imemtangulia.

Ukuta wenye mikunjo, roshani, matundu na kingo zisizo sawa huitawanya sauti badala ya kuirudisha kwa pamoja. Roshani yenye ukuta mzima kiunoni, badala ya nondo tupu, humkinga aliye ndani kwa kuikata njia ya sauti itokayo chini. Dari ya roshani ikiwa na malighafi inayonyonya sauti, hufaa zaidi; ikiwa ya zege tupu, huweza kuirudisha sauti dirishani.

Hapa kuna dhana mbili zinazohitaji kusahihishwa. Ya kwanza ni kwamba mstari mmoja wa miti huzuia kelele. Miti huleta kivuli, hupoza hewa na huburudisha moyo, lakini mstari mwembamba wa miti hupunguza sauti kwa kiasi kidogo mno. Ya pili ni kwamba trei za mayai zikibandikwa ukutani huzuia kelele za nje. Trei hizo hupunguza kidogo mwangwi wa ndani ya chumba tu. Kinachozuia sauti isipite ni uzito wa ukuta na kutokuwepo kwa upenyo. Palipo na upenyo wa hewa, sauti nayo hupita.

Mgongano wa joto na kelele

Tumefika kwenye kiini cha jambo. Dirisha lililofunguliwa kwa sehemu hupunguza kelele ya nje kwa desibeli zipatazo 15 tu, au pungufu. Dirisha la kioo kimoja lililofungwa vizuri hupunguza takriban desibeli 25. Tuseme barabara ya mama yule ina desibeli 70 nje ya dirisha lake usiku. Akifungua dirisha, chumbani hubaki na desibeli 55 au zaidi. Akilifunga, hubaki na takriban 45. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unapendekeza kwamba kelele ndani ya chumba cha kulala isizidi wastani wa desibeli 30, na kiwango hicho hicho kinapendekezwa kwa wodi za hospitali nyakati za usiku. Hivyo hata akifunga dirisha na kuvumilia joto, bado hajakifikia kiwango cha usingizi mwema.

Tena madirisha ya alumini ya kusukuma, yaliyoenea sana siku hizi, hufunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Mwenye dirisha la aina hiyo hupata hewa nusu ya eneo la dirisha, ilhali kelele huipata karibu yote. Na wavu wa mbu, ambao hatuwezi kuuacha, hupunguza upepo zaidi. Kwa hiyo mtu maskini katika mji wenye joto hulazimishwa kuchagua kati ya maudhi mawili, na kila chaguo lina gharama kwa mwili wake.

Yanayotokea mwilini

Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili hushuka kidogo. Mishipa ya damu ya mikono na miguu hutanuka ili kulitoa joto nje. Chumba kikiwa na joto na hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo pwani yetu kati ya Januari na Machi, jasho halikauki na joto halitoki. Usingizi mzito hupungua, na mtu huamka mara kwa mara.

Kelele nayo huuamsha mwili hata pale akili isipoamka. Lori likipita, mapigo ya moyo huongezeka, na homoni za tahadhari kama adrenalini na kotisoli huweza kumwagika, ilhali mlalaji asubuhi hakumbuki kitu. Kwa kawaida shinikizo la damu hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 wakati wa usingizi. Wale ambao halishuki namna hiyo wana hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo na kiharusi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa nchi za Ulaya, uliotolewa mwaka 2018, unapendekeza kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa siku nzima na 45 kwa usiku, zikipimwa nje ya nyumba. Mwongozo huo unaeleza kwamba kuanzia kiwango hicho cha 53, kila ongezeko la desibeli 10 huambatana na ongezeko la takriban asilimia 8 la hatari ya ugonjwa wa moyo utokanao na kuziba kwa mishipa. Ushahidi kuhusu shinikizo la damu lenyewe bado si imara kiasi hicho. Kwa hiyo tusimwambie mgonjwa kwamba barabara ndiyo iliyompa ugonjwa. Tunachoweza kumwambia kwa uhakika ni kwamba usingizi mbovu unamdhuru na unastahili kushughulikiwa.

Joto lina hila nyingine kwa mgonjwa wa moyo na wa shinikizo. Mishipa ya ngozi inapotanuka na maji kupotea kwa jasho, shinikizo huweza kushuka ghafla, hasa kwa anayetumia dawa za kuongeza mkojo. Huyo huweza kuona kizunguzungu anapoinuka na kuanguka. Wazee, watoto wachanga, wajawazito, wenye maradhi ya figo na wanaotumia baadhi ya dawa za maradhi ya akili huathirika mapema kuliko wengine. Kwa wajawazito, joto kali limehusishwa na kujifungua kabla ya wakati.

Yako pia madhara ya kuzunguka. Tafiti kuhusu matumizi ya vyandarua zimeonesha kwamba joto ni miongoni mwa sababu kuu zinazowafanya watu wasilale ndani ya chandarua. Kwa hiyo ukuta unaochoma usiku huweza kuwa mlango wa malaria. Na dawa zinazohifadhiwa nyumbani huharibika: pakiti nyingi huelekeza dawa zisiwekwe kwenye joto lipitalo nyuzi 30 za Selsiasi, na insulini iliyokwisha funguliwa isivuke kiwango hicho. Rafu iliyo kwenye ukuta wa magharibi huweza kuvuka kiwango hicho kila alasiri.

Watoto nao hawakusalimika. Mwaka 1975 mtafiti Arline Bronzaft na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu shule moja ya Manhattan, New York, iliyokuwa karibu na reli ya juu. Wanafunzi wa madarasa yaliyotazama reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lile lile. Baadaye reli iliwekewa mipira ya kupunguza mtikisiko na madarasa yakawekewa dari za kunyonya sauti, na tofauti ile ikatoweka. Shule moja, mtaala mmoja. Tofauti ilikuwa upande wa dirisha.

Waliotutangulia walijenga vipi

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake nene huchelewesha joto, rangi ya chokaa hulirudisha jua, na vichochoro vyake vyembamba hukaa kivulini sehemu kubwa ya siku. Nyumba nyingi zina ua wa ndani unaoleta hewa na mwanga pasipo kutegemea mtaa. Baraza za mbele huwapa watu mahali pa kupumzika nje jioni, wakati kuta zinapopumua joto.

Tusiwe na mapenzi ya kupofusha. Kichochoro kile kile kinachohifadhi kivuli hukuza sauti ya pikipiki ikiingia, na huweza kuzuia upepo. Wajenzi wale hawakuijua injini. Funzo la kuchukua ni mpangilio: kuta nzito na matundu machache upande wa mtaa, uwazi upande wa ua. Mpangilio huo hupunguza joto na kelele kwa pamoja, na hivyo huondoa ule mgongano tuliouona. Jijini Harare, jengo la Eastgate lililobuniwa na Mick Pearce na kukamilika mwaka 1996, lilitumia uso wa zege wenye kingo nyingi za kivuli, madirisha ya kiasi na njia za hewa za ndani, likaweza kufanya kazi bila viyoyozi vya kawaida. Ni ushahidi kwamba jengo kubwa la mjini Afrika halilazimiki kuvaa kioo.

Mhudumu wa afya aulize nini

Maswali yafuatayo huchukua dakika mbili, na majibu yake yafaa kuandikwa kwenye faili la mgonjwa wa shinikizo, kisukari, moyo, maradhi ya akili, na la mjamzito:

1. Unalala chumba kinachotazama wapi: barabarani au nyuma, magharibi au upande mwingine? Je, ni ghorofa ya juu kabisa?
2. Usiku unafungua dirisha? Kama hufungui, ni kwa sababu ya kelele, mbu, au usalama?
3. Unaamka mara ngapi, na unaamshwa na nini?
4. Dawa zako unaziweka wapi mchana?
5. Chandarua unakitumia kila usiku, au siku za joto unakiacha?

Mgonjwa ambaye vipimo havishuki asiongezewe dawa kabla ya kuulizwa habari za usingizi, ukorofi wa pumzi usingizini na utumiaji sahihi wa dawa alizonazo. Pia wahudumu waangalie majengo yao wenyewe. Vitanda vya wagonjwa dhaifu visiwekwe kando ya ukuta wa magharibi. Stoo ya dawa isiwe upande huo. Na jenereta isiwekwe chini ya madirisha ya wodi.

Mgonjwa na familia wafanye nini

Wengi wetu ni wapangaji na hatuwezi kubomoa ukuta. Hata hivyo yako yanayowezekana. Hamisha kitanda kwenye chumba cha nyuma ikiwa kipo, na chumba cha mbele kiwe sebule au stoo. Kama chumba ni kimoja, kisogeze kitanda mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Tundika mkeka, turubai jepesi au kitambaa kizito nje ya dirisha la magharibi kuanzia adhuhuri, kikiwa kimeachana kidogo na kioo ili hewa ipite. Jua likipiga, funga dirisha la upande huo; likizama, fungua pande mbili zinazotazamana ili upepo upite. Upepo wetu wa kaskazi na wa kusi hutoka upande wa mashariki wa dira, kaskazini mashariki na kusini mashariki. Madirisha ya pande hizo ndiyo ya kutegemewa.

Feni husaidia, kwa kuwa hukausha jasho, mradi joto la hewa halijavuka nyuzi 40, kiwango ambacho kwa kawaida hatukifikii pwani. Kitambaa chenye maji shingoni na miguuni huongeza nafuu. Vizibo vya masikio hufaa kwa mtu mzima, lakini visitumiwe na anayelea mtoto mchanga au mgonjwa anayehitaji kusikika usiku. Kunywa maji, ila mwenye maradhi ya moyo au figo afuate kiasi alichoelekezwa na daktari. Usiache wala kupunguza dawa ya shinikizo kwa sababu ya joto bila ushauri. Ukiona kizunguzungu, rudi kliniki.

Dalili za hatari ni hizi: mtu aliyekuwa kwenye joto akianza kuchanganyikiwa, kuongea yasiyoeleweka, kupata degedege au kuzimia, na mwili wake ukawa wa moto sana. Huo ni dharura. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji na kumpepea mfululizo, na mumwahishe hospitali bila kungoja. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Kelele za kudumu za muziki, mashine au jenereta zina njia ya kisheria. Malalamiko huanzia serikali ya mtaa, na kwa Tanzania Bara huweza kufikishwa kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Malalamiko ya mtaa mzima huwa na uzito kuliko ya mtu mmoja.

Neno kwa anayejenga

Kwa yule aliye na kiwanja na ramani mkononi, nafasi ya kukinga afya ni kubwa na gharama yake ni ndogo kabla ya msingi kuchimbwa. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Jiko, bafu, ngazi na stoo viwe upande wa barabara na wa magharibi. Vyumba vya kulala viwe upande wa ua. Kila dirisha liwe na kivuli cha nje. Madirisha yawe ya kufunguka yote, yenye wavu. Rangi iwe nyeupe au hafifu. Ukuta wa uzio, ukitakiwa kupunguza kelele, uwe mzima usio na matundu. Na mti upandwe magharibi siku ile ile ya kuweka msingi, maana hukua wakati nyumba inajengwa.

Turudi kwa mama yetu. Tuseme muuguzi aliandika jibu lake. Mwanawe akahamishia kitanda chumba cha uani, akatundika turubai nje ya dirisha la mbele, na dawa zikatolewa kwenye rafu ya ukuta wa magharibi. Hatuwezi kuahidi kwamba vipimo vyake vitashuka kwa sababu hiyo peke yake. Ataendelea na dawa zake na kliniki yake. Lakini atalala. Na daktari atakayempima mwezi ujao atakuwa anampima mtu aliyepumzika, jambo ambalo hakuna dozi iliyoweza kumpatia.